Strikemaster, L-39 au Hunter: jeti ipi ya kijeshi inarudishika angani, na chini ya sheria za nani?

Jeti ya kijeshi iliyostaafu huuzwa kwa bei ya gari la kifahari, na hapo ndipo wengi huteleza. Bei hiyo ni kiingilio tu. Mambo matatu ndiyo huamua kama itaruka tena: makaratasi yake, upatikanaji wa spea za injini na za viti vya kufyatuka, na sheria za nchi itakakosajiliwa. Ndege iliyong'arishwa rangi lakini haina vitabu vya kumbukumbu ni mapambo. Ndege chakavu yenye kumbukumbu kamili tangu ilipotoka kiwandani inaweza kuwa ununuzi mzuri.

Tunalinganisha jeti tatu za viti viwili ambazo raia wamezimiliki na kuzirusha, kisha utaratibu wa Uingereza na wa Marekani. Ulinganisho huu umemlenga anayetaka kununua ndege nzima au hisa katika kikundi cha wamiliki, na fundi anayeombwa kutoa ushauri.

Zilizo mezani

Strikemaster si ngeni Afrika Mashariki. Kenya ilipokea sita za aina ya Mk 87 mwaka 1971, ikaziuza Botswana mwaka 1988, na baadaye baadhi yake zikaishia kwa wamiliki binafsi. Oman iliruka na Mk 82, na ndizo zilizosaidia ngome ya Mirbat iliposhambuliwa Julai 1972. Ni toleo la kivita la Jet Provost, ndege ya kufundishia marubani wa Uingereza, kwa hiyo mengi tunayosema kuhusu moja yanaihusu na nyingine.

L-39 Albatros ilitengenezwa na Aero Vodochody ya Czechoslovakia, ambayo ilizalisha zaidi ya 2,800. Wingi huo ndio utajiri wake: spea zipo. Timu ya maonyesho ya Breitling, iliyokuwa na makao Dijon, Ufaransa, iliruka na L-39C saba hadi 2019.

Hunter ni ndege ya kivita halisi, yenye mabawa yaliyopinda nyuma; T7 ndilo toleo lake la viti viwili. Kenya nayo iliitumia miaka ya 1970. Ndiyo nzuri kuliko zote tatu kwa macho ya wengi, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa mfuko na kwa sheria.

| | Strikemaster | L-39C | Hunter T7 |
|---|---|---|---|
| Iliruka mara ya kwanza | 1967 | 1968 | 1955 |
| Injini | Viper 535 | AI-25TL | Avon 122 |
| Msukumo | kN 15.2 | kN 16.9 | takriban kN 33 |
| Viti | ubavu kwa ubavu | mbele na nyuma | ubavu kwa ubavu |
| Kuwasha injini | mota ya umeme | hewa ya injini ndogo ya Safir-5 | kartriji ya baruti |
| Silaha za ndani | bunduki rashasha 2 za mm 7.62 | hakuna | mzinga 1 wa mm 30 |

Usiidharau safu ya mwisho. L-39C haina bunduki ndani ya mwili wake, ila ncha mbili tu za kutundikia mizigo chini ya mabawa. Strikemaster na Hunter lazima zivuliwe silaha na kazi hiyo iandikwe, na uzito wa madini ya risasi yanayowekwa badala yake upigiwe hesabu upya. Ukiondoa mzinga puani bila kuweka kitu cha kuusawazisha, kitovu cha uzito kinarudi nyuma na ndege inakuwa nyepesi mno kwenye pua.

Injini: mahali pesa zinapoishia

Viper ilibuniwa mwanzoni kwa ajili ya Jindivik, ndege ya shabaha isiyo na rubani ambayo haikutarajiwa kuishi muda mrefu. Matoleo ya baadaye yaliimarishwa sana, lakini tabia moja ya zamani ilibaki: oili inayopelekwa kwenye beringi za nyuma hairudi kwenye tangi. Hupimwa kidogo kidogo, hulainisha, kisha hutoka nje pamoja na moshi. Kwa hiyo andika kiasi cha oili kilichotumika baada ya kila safari. Ikipungua kuliko kawaida, tafuta uvujaji. Isipopungua kabisa, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda pampu haipeleki kitu na beringi zinazunguka kavu. Fundi aliyezoea injini ya gari hufurahi kuona oili imebaki vilevile. Kwenye Viper hiyo ni sababu ya kufunga hanga na kuchunguza.

AI-25TL ya L-39 ni injini yenye feni, na sehemu kubwa ya hewa hupita pembeni ya kiini. Tofauti inaonekana kwenye bili ya mafuta. Kwa kila kilo ya msukumo, Viper huchoma takriban kilo moja ya mafuta kwa saa, Avon hupungua kidogo hapo, na AI-25TL hutumia kama 0.6. Katika matumizi ya kawaida ya raia, L-39 hunywa kati ya lita 450 na 570 kwa saa. Faida nyingine ni Safir-5, injini ndogo iliyomo ndani ya ndege, inayotoa hewa ya kuwashia injini kubwa. Unaweza kutua kiwanja kisicho na vifaa na ukaondoka mwenyewe.

Lakini AI-25TL ni nzito kuitika. Kutoka mwendo wa chini hadi nguvu kamili huchukua kati ya sekunde 9 na 12. Rubani aliyezoea propela akishusha nguvu hadi chini kabisa wakati wa kutua, kisha akagundua yuko chini ya mstari, akisukuma mkono wa nguvu hapati kitu mpaka amechelewa. Dawa ni kukaribia kiwanja huku breki za hewa na mabawa madogo ya kutulia (flaps) vikiwa nje, ili injini ilazimike kuzunguka kwa kasi ya kutosha muda wote.

Chunguza pia matangi ya L-39. Matano yaliyo kwenye kiwiliwili ni mifuko ya mpira. Yakikaa makavu miaka kadhaa, mpira hukauka na kupasuka kwenye mikunjo. Kwa ndege iliyolala muda mrefu bila mafuta, weka gharama ya kuyabadilisha kwenye bajeti tangu mwanzo. Usisubiri harufu ya mafuta ndani ya chumba cha rubani ikuambie. Hidroliki yake kiasili hutumia AMG-10 ya Kirusi, na nchi za Magharibi huweka MIL-H-5606, mafuta mekundu yanayofahamika kwa kila fundi wa ndege.

Avon ya Hunter ina tatizo la umri. Injini inaweza kuwa na saa chache tangu ilipokarabatiwa na bado isiaminike, kwa sababu viwambo vya mpira na sili za mfumo wa mafuta huwa vigumu kwa miaka hata kama injini haizunguki. Ndiyo maana mamlaka ya anga ya Uingereza, CAA, ilitoa agizo la lazima namba 2001-001 lililohusu umri wa injini hizo kwa kalenda. Muuzaji akikuambia “ina saa 40 tu”, muulize ni za tangu mwaka gani. Na kila jaribio la kuwasha Avon 122 linakula kartriji moja ya baruti, nazo hazipatikani dukani.

Viti vya kufyatuka

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, na ndipo watu hufa wakiwa ardhini. Kiti cha kufyatuka ni bunduki ambayo unaikalia. Strikemaster na Hunter zina viti vya Martin-Baker vya familia ya Mk 4, vinavyookoa kutoka usawa wa ardhi mradi ndege iwe na mwendo wa angalau noti 90. Kiti cha L-39, VS-1BRI, kinahitaji kilomita 150 kwa saa. Hakuna kati ya hivyo kitakachokuokoa ndege ikiwa imesimama.

Kartriji za viti zina tarehe mbili za mwisho: moja huhesabiwa tangu zilipotengenezwa, nyingine tangu zilipofungwa kwenye kiti. Inayotangulia ndiyo inayotawala. Baada ya Hunter kuanguka kwenye maonyesho ya Shoreham, Uingereza, wachunguzi wa ajali za ndege wa nchi hiyo, AAIB, walitoa taarifa maalumu Desemba 2015 iliyogusa jambo hili hili: vifaa vya kiti vilivyopitwa na muda, na hatari inayowakabili waokoaji wanaofika kwenye mabaki yenye viti hai, yaani ambavyo baruti yake bado haijalipuka.

Kwa hiyo chaguo ni mawili, nalo la pili lina masharti. Unaweza kuweka viti hai, ukiwa na chanzo cha uhakika cha kartriji, fundi mwenye sifa za viti, na chumba cha kuhifadhia baruti kinachokubalika kisheria. Au unaweza kuvizima kabisa. Marekani kuna L-39 nyingi zinazoruka na viti vilivyozimwa. Ndege ya mabawa yaliyonyooka inaweza kutua kwa dharura shambani kwa mwendo unaovumilika, hivyo hoja hiyo ina uzito. Kwa Hunter haina. Uingereza, kwa jeti ya mabawa yaliyopinda nyuma, CAA inatarajia viti viwe hai. Maana yake ni kwamba Hunter isiyo na kartriji ni Hunter isiyoruka.

Kiti kilichozimwa kiandikwe waziwazi nje na ndani ya ndege, ili zimamoto wasipoteze dakika wakitafuta pini za usalama. Kilicho hai kipewe pini zote za vitambaa vyekundu kabla mtu yeyote hajapanda ngazi, na zihesabiwe kwa sauti. Kikosi cha zimamoto cha kiwanja kipelekewe mchoro wa ndege kabla ya siku ya kuruka.

Chuma huchoka

L-39 huhesabiwa kwa saa, kwa idadi ya kutua na kwa miaka, yote matatu kwa pamoja, kama ulivyokuwa utaratibu wa nchi za Mashariki. Vitabu vyake huwa vya Kirusi au Kicheki. Lipia tafsiri kabla ya kulipia ndege.

Jet Provost na Strikemaster zina kipimo chao: kifaa kinachohesabu ni mara ngapi ndege imevutwa kupita viwango fulani vya g (nguvu inayoikandamiza ndege inapopinda kwa ghafla), na hesabu hiyo hugeuzwa kuwa fahirisi ya uchovu wa chuma. Ndege mbili zenye saa sawa zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa yaliyobaki, kwa sababu moja ilifundishia urambazaji na nyingine ilirusha roketi kwa kupiga mbizi kila asubuhi. Hesabu ikiwa na pengo la miaka miwili, chukulia kwamba miaka hiyo ilikuwa ya kazi nzito. Oktoba 2006, karibu na Bathurst, Australia, Strikemaster ya raia ilikatika bawa angani kwa ufa wa uchovu kwenye kiungio cha bawa na kiwiliwili, wakafa wote wawili waliokuwamo. Viungio hivyo vipimwe kwa mkondo wa eddy, kipimo cha sumaku na umeme kinachoonyesha nyufa zilizojificha. Macho na tochi havitoshi, kwani ufa huanzia ndani ya tundu la bolti.

Uingereza: hakuna karatasi, hakuna safari

Jeti ya zamani ya kijeshi haipati cheti cha kawaida cha ubora wa kuruka. Hupata kibali cha kuruka, kinachoitwa Permit to Fly, kinachohuishwa kila mwaka na kuambatana na hati inayoeleza ndege hiyo moja imekubaliwa kwa misingi gani. Matengenezo hufanywa na shirika lililoidhinishwa chini ya kanuni za A8-23. Mwendeshaji wa jeti lazima pia awe na kitabu cha uendeshaji kinachokubaliwa na CAA kwa mujibu wa waraka wa CAP 632: nani anaruhusu ndege itoke, rubani anafunzwaje, abiria anaelezwa nini, viwanja vya urefu gani vinafaa.

CAA hugawanya ndege hizi kwa ugumu: rahisi, za kati, na changamano. Kwa ndege changamano, kama mtengenezaji wa asili hayuko nyuma yako, umekwama. Mfano hai ni ndege ya mabomu ya Vulcan, XH558. Ilirudi angani Oktoba 2007 baada ya ukarabati wa miaka, ikaruka mara ya mwisho tarehe 28 Oktoba 2015, si kwa sababu ilivunjika, bali kwa sababu kampuni za kiufundi zilizokuwa zikiidhamini ziliamua kutoendelea. Injini zilikuwa nzima.

Agosti 2015 ilibadilisha mambo kwa wote. Tarehe 22, Hunter T7 iliyokuwa ikionyesha michezo Shoreham iliangukia barabara ya A27 na kuua watu 11. Ripoti ya 2017 ilieleza kwamba ndege iliingia kwenye mzunguko wa wima kwa mwendo mdogo kuliko uliotakiwa, nguvu ya injini haikutosha, na kileleni ilifika takriban futi 2,700 badala ya 3,500 zilizohitajika kama kima cha chini. CAA ilizizuia Hunter zote kuruka kwa muda, na jeti nyingine za zamani zikabanwa kwenye kupita tu juu ya nchi kavu, bila michezo ya nguvu. Masharti ya maonyesho, yaliyo kwenye CAP 403, yakakazwa. Ukinunua jeti kwa matumaini ya kulipwa kwenye maonyesho, soma toleo la sasa la waraka huo kabla ya kuweka arbuni.

Marekani: mlango mpana, uzio mrefu

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, huziweka jeti hizi kwenye daraja la majaribio kwa ajili ya maonyesho, chini ya kifungu 21.191(d). Ni rahisi kuingia kuliko Uingereza. Hakuna anayekudai mtengenezaji wa asili. Lakini ndege hupewa barua ya masharti yake yenyewe, na masharti hayo ndiyo sheria yako. Kwa kawaida utaanza na kipindi cha majaribio ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani, kabla ya kuruhusiwa kwenda mbali. Kila mwaka unapeleka barua ya mpango inayotaja matukio unayotarajia kushiriki. Ukaguzi wa hali ya ndege hufanywa kila miezi 12. Kifungu 91.319 kinakataza kubeba watu au mizigo kwa malipo, na kinakuzuia kupita juu ya maeneo yenye watu wengi isipokuwa kwa ruhusa. Anayetaka kutoza kwa kufundishia ndani ya ndege hiyo anahitaji barua nyingine maalumu. Kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu nako kwa miaka mingi kumekuwa marufuku kwa raia bila ruhusa maalumu. Tangu Januari 2020 anga nyingi zenye shughuli zinataka kifaa cha ADS-B, kinachotangaza mahali ndege ilipo, na dashibodi ya L-39 haikuachiwa nafasi ya vitu hivyo. Mafundi huondoa redio ya zamani ya kijeshi, wanapata nafasi na kupunguza kilo kwa mkupuo mmoja.

Rubani anahitaji idhini ya aina ile ile ya ndege kwenye leseni yake. Kampuni ya bima huwa kali kuliko serikali, kwa hiyo waulize hao kwanza.

Kuingiza jeti kutoka nje kunahitaji kibali cha ATF, idara ya Marekani inayosimamia silaha, kwa sababu iko kwenye orodha ya zana za kivita. Kinachowashangaza wengi ni kwamba jeti ya Czechoslovakia ni rahisi kuimiliki Marekani kuliko ya Kimarekani. Jeshi la huko hukatakata nyingi ya zake kabla hazijatoka uani. F-4 Phantom iliyowahi kurushwa na taasisi ya Collings ilipatikana kwa kibali cha Bunge la nchi hiyo.

Wapo waliowahi kukimbilia sheria nyepesi. Lightning, ndege ya Uingereza yenye injini mbili zilizopandana, CAA haikukubali iruke kiraia, ikapelekwa Cape Town. Novemba 2009 moja ilianguka kwenye maonyesho ya Overberg baada ya moto na kupoteza hidroliki. Kifuniko cha chumba hakikutoka, na rubani hakuweza kujitoa.

Kabla ya safari ya kwanza

Utaratibu ni ule ule kwa zote tatu. Kwanza makaratasi, wiki nzima kama inabidi: orodhesha kila kifaa chenye ukomo wa maisha na linganisha namba iliyochongwa na iliyoandikwa. Kisha boroskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani, kwenye kompresa na turbini, halafu viungio vya mabawa. Badilisha hozi zote za mpira bila kubagua. Chukua sampuli ya mafuta chini ya matangi. Ukiona utelezi mweusi, ni vijidudu vinavyoishi kati ya maji na mafuta, na vitaziba vichujio ndege ikiwa angani.

Ndege ipandishwe kwenye jeki na magurudumu yakunjwe na kushushwa mara nyingi, pamoja na mfumo wa dharura. Injini izungushwe bila kuwashwa mpaka shinikizo la oili lionekane; ndipo iwashwe, ikae mwendo wa chini, izimwe, na uvujaji utafutwe kwa karatasi nyeupe. Rudia kwa nguvu zaidi. Kukimbia ardhini kwa kasi huja mwisho, na breki zipoe kabisa kati ya jaribio na jaribio, kwani tairi lililopashwa joto hupasuka dakika kadhaa baada ya kusimama, fundi akiwa amechuchumaa pembeni yake.

Achague nani nini

Aliye Marekani na anataka kuruka wikendi mara kwa mara, achukue L-39C. Hakuna ubishi mkubwa hapo. Aliye Uingereza mwenye bajeti ya wastani aanze na hisa katika Jet Provost, kwa kuwa mafundi, vitabu na wakufunzi wapo nchini. Strikemaster imfae anayependa historia yake, hasa iliyotumikia Kenya au Oman, mradi hesabu ya uchovu wa bawa isiwe na pengo. Hunter ni ya kikundi chenye fedha, fundi wa viti, na chanzo cha kartriji kilichothibitishwa kwa maandishi. Bila hivyo vitatu, iache.

Ipo njia ya nne, ya kuitunza ndege iwe inakimbia ardhini tu, bila kupaa. Haihitaji kibali cha kuruka, watu hupata kelele na moshi wanaoutaka, na viti huweza kuzimwa. Ila usiiite salama. Vulcan XM655 ya Wellesbourne ilipitiliza mwisho wa njia yake Septemba 2022 ikiwa kwenye jaribio kama hilo. Kabla ya kila mbio, weka alama pembeni mwa njia mahali ambapo nguvu lazima ikatwe, na mtu wa pili ndani ya chumba asome mwendo kwa sauti mpaka ndege isimame.